Msumari wa Karembo

Karembo alikufa. Natanguliza hilo kwa sababu watoto wengi wa nchi hii wanaamini vingine, na walimu wao, na wazazi waliowasomea kabla ya kulala. Katika hadithi, ng'ombe yule wa Kinoo analala kwenye matope baada ya kuzaa, daktari anafika ameloa mvua, chupa ya dawa inaning'inia, na mwishoni Karembo anainua sikio moja, "kama mtu aliyesikia jina lake kwa mbali", kisha anasimama. Niliwahi kumsikia mtangazaji wa redio akiisoma sentensi hiyo mara mbili. Mimi nilikuwa zizini asubuhi ile. Hakuinua sikio. Masikio yake yalikuwa baridi tulipofika, na yalikuwa baridi zaidi tulipochomoa sindano. Tena kuna jambo la pili, dogo, ambalo limenikera kuliko hilo la kwanza. Hadithi inasema daktari alikuwa peke yake na mwenye ng'ombe, na chupa ya dawa akaitundika kwenye msumari uliokuwa kwenye nguzo ya zizi. Hapakuwa na msumari. Chupa niliishika mimi, mkono juu, mpaka bega likafa ganzi. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekifungua kitabu kile kwenye ukurasa uleule nikajisoma: mimi ndiye msumari.

Daktari Mwanaisha, aliyeiandika hadithi hiyo, alifariki mapema mwaka huu, akazikwa siku hiyohiyo kwao pwani. Habari ilinifikia kwa simu nikiwa kwenye foleni ya duka la dawa huku Kileleshwa. Nilinunua vidonge vyangu vya presha, nikarudi nyumbani, nikapika mboga nikazisahau jikoni zikaungua. Wiki kadhaa baadaye wachapishaji wake waliandaa mkutano wa kumkumbuka, katika ukumbi mmoja katikati ya jiji. Nilikwenda kama ninavyokwenda kazini, na kalamu mbili mkobani, nikachagua kiti cha pembeni ambapo mtu huona nyuso badala ya visogo. Palikuwa na maua mengi kuliko ambavyo yeye angevumilia; maua yalimpigisha chafya. Palikuwa na watoto wa shule waliovaa sare, wakakariri Karembo kwa zamu, na walipofika kwenye sikio wote wakainua kiganja kimoja kandoni mwa kichwa, na ukumbi mzima ukafanya vilevile, watu wazima wenye suti na vitambulisho shingoni. Mimi sikuinua. Binti aliyekaa karibu nami alikuwa akilia bila kujificha. "Auntie, ulimjua Daktari?" akaniuliza. Nikamwambia tuliishi nyumba moja. Akanishika mkono. "Kwani! Uko na bahati wewe." Nikasema ndiyo. Hilo ndilo jibu ambalo nimekuwa nikilitoa kwa watu.

Kisha wakamwita Mama Gathoni, mwenye Karembo. Sikuwa nimemwona tangu mwaka ule Karembo alipokufa. Alipandishwa jukwaani na vijana wawili, mkongojo mkononi, kilemba cheupe kichwani, na kijana mwenye kipaza sauti akamwinamia, akamwomba asimulie siku ile. Mama Gathoni hakuhitaji kuombwa mara mbili. "Mnasema hadithi, hadithi," akasema. "Hiyo si hadithi. Karembo alisimama. Mimi niko hapa, niulizeni mimi. Amenipatia maziwa miaka mingi, huyu Gathoni wangu amesoma na hayo maziwa." Makofi yakapigwa mpaka vioo vikatetemeka. Nilimwangalia mwanamke yule ambaye nilimwona kwa macho yangu akiwa ameketi kwenye tope, kichwa cha ng'ombe aliyekufa mapajani, na nikaelewa kwamba sasa nimebaki peke yangu duniani mwenye kujua. Nusura nisimame. Kilichonizuia ni kwamba sikujua ningesema nini baada ya sentensi ya kwanza.

Mwaka ninaouzungumzia, simu za mkononi zilikuwa bado ni za watu wenye nazo, na Kinoo ilikuwa bado ni mashamba madogomadogo yaliyopangana kutoka barabara ya Waiyaki kushuka bondeni, kila moja na zizi lake, na nyasi za nepia, na mbwa wake. Mimi na Mwanaisha tulipanga vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Vumbi la saruji lilipita chini ya mlango likakaa juu ya kila kitu, hata juu ya sukari. Chumba cha mbele kilikuwa changu, kwa sababu nilikuwa na meza na taipureta iliyotupwa na ofisi. Cha nyuma kilikuwa chake, pamoja na gambuti zake, ndoo zake, na ovaroli ambayo hata ikifuliwa vipi ilinuka dawa ya vidonda na tumbo la ng'ombe. Aliswali kwenye mkeka kando ya meza yangu, kwa kuwa hapo ndipo sakafu ilipokuwa kavu, na mimi nikajifunza kuacha kupiga taipu mpaka atoe salamu. Jioni nilipika ugali na mrenda, yeye akapika maharagwe kwa nazi, tukala vyote pamoja kutoka sufuria mbili, akinicheka ninavyomenya vitunguu. "Wee Nekesa, hicho kitunguu kimekukosea nini?" Nilimpenda. Lazima niliseme hilo pia. Nilifanya kazi kwenye gazeti moja la Kiswahili mjini, nilikuwa na riwaya ambayo nilikuwa nimeianza mara kadhaa, na niliamini kabisa kwamba nyumba ile ilikuwa na mwandishi mmoja.

Siku zangu za mapumziko nilimfuata kazini kwake, nikiwa nyuma kwenye pikipiki, kwa sababu mhariri wangu, Bwana Odera, alikuwa akitaka habari za wakulima. Kinoo nzima ilikuwa na wasiwasi naye mwanzoni: mwanamke, tena wa pwani, tena amefunga mtandio chini ya helmeti. Mzee mmoja aliyefuga nguruwe alisimama kwenye geti akakataa kutufungulia. "Daktari, hii mnyama si ni haramu kwako? Utaishika aje?" Mwanaisha alikuwa tayari anavua saa. "Baba, mimi nimeambiwa nisimle," akasema. "Sijaambiwa nisimtibu. Fungua." Mzee alicheka siku nzima, akawasimulia majirani, na baada ya hapo hakuna geti lililofungwa. Nililiandika jibu lile kwenye daftari langu palepale. Nimewahi kulitumia katika habari moja. Msomaji mmoja alimwandikia mhariri kumsifu Daktari; hakuna aliyeuliza nani aliyeandika.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na ndiyo niliyoionea wivu kwanza. Daktari wa ng'ombe anapopima mimba huingiza mkono mpaka karibu na bega, shavu lake likagusa paja la mnyama, uso ukaelekea ukutani. Hapo ndipo alipouliza maswali, na hayakuwa ya ng'ombe. "Mama, yule kijana wako wa Mombasa aliandika?" "Baba, jirani amewaondolea ile takataka?" Alifanya hivyo, aliniambia, ili mwenye ng'ombe atulie, kwani akitulia mwenyewe naye mnyama hutulia. Lakini watu, walipoona uso wake haupo, walisema. Walimwambia mambo ya ndoa, ya ugomvi wa mipaka, ya mtoto aliyekataa kanisa, wakiongea na mgongo wa ovaroli. Mimi nilisimama pembeni na daftari, nikiwa nimefunzwa kumtazama mtu machoni, na mimi walinipa majina yao na umri wa ng'ombe. Nilijaribu mbinu yake. Nilimgeukia mwanamke mmoja mgongo nikijifanya natazama nyasi, nikamuuliza habari za mumewe. Nilipogeuka alikuwa akiniangalia kwa huruma. "Msichana wa gazeti," akasema, "unatafuta choo?"

Jumamosi tulishuka mjini kula kwa mamake mdogo, Bi Zuhura, aliyeuza leso Biashara Street na kuishi juu ya duka. Kile chumba ninaweza kukichora hata leo: marobota ya vitambaa mpaka kwenye dari, dirisha lililotazama paa za mabati, sauti ya adhana ikifika kutoka upande wa msikiti na kelele za makanga wa matatu kutoka upande wa pili, na sinia la pilau katikati ya mkeka. Siku moja Mwanaisha alisimulia habari za punda wa Kinoo aliyebeba maji. Mwenye punda alikuwa amemuuza kwa kijana mmoja, na kijana akamwita daktari akisema punda ni mgonjwa, anasimama ovyo njiani. Tulikuwa tumeenda pamoja. Tulitembea na punda yule tukaona kwamba anasimama kwenye mageti ya wateja wa zamani, anangoja mitungi ishushwe, kisha anaendelea. Lakini alipomsimulia Bi Zuhura, punda alisimama kila geti la Kinoo, na kila geti akatoka mtu kumwamkia na kumuuliza habari za mwenyewe, na kwenye geti la mwisho kulikuwa na bibi kizee aliyemletea karoti na kumwambia, "Mwambie tajiri wako mpya sisi tuna adabu zetu." Bi Zuhura alicheka akajifuta macho kwa ncha ya leso. Nikasema, "Yalikuwa mageti mawili." Wote wawili wakanigeukia. "Na bibi hakuwapo," nikaendelea, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza. Bi Zuhura akanisukumia kipande cha nyama kwenye upande wangu wa sinia. "Kula, mwanangu," akasema kwa upole. Kisha akamgeukia Mwanaisha: "Huyu shogako, Mwana, mbona hali?"

Katika kurudi nilikaa kimya njia nzima, naye akadhani nimekula vibaya. Haikuwa pilau. Kiswahili changu nilikipata shuleni, kwa jasho, ngeli moja baada ya nyingine, nikichapwa kwa kila kosa, na nilikivaa kama mtu anavyovaa viatu vya kazini. Chake alizaliwa ndani yake. Alipofungua kinywa kusimulia, maneno yalimjia bila kuitwa, na alipokosa neno alinyamaza, na kunyamaza kwake nako kulikuwa na utamu. Nairobi yote ilikuwa ikisema "kitu yangu" na "gari imekuja", nami nikipita katikati yao nikiwa nimesimama wima na sarufi yangu, na kumbe aliyekuwa na hazina alikuwa chumba cha nyuma akikwangua mavi kwenye gambuti. Nilijiambia kwamba yeye anapiga soga tu, na soga si maandishi. Nilishikilia hilo kwa miezi.

Asubuhi ya Karembo ilikuwa ya mvua. Gathoni, aliyekuwa msichana wa darasa la mwisho la shule ya msingi, alikuja kugonga mlango kukiwa kumepambazuka, sare ya shule imemganda mwilini. Ng'ombe wao alizaa salama jana, akasema, lakini tangu jioni amelala na hataki kuamka. Mwanaisha alisimama katikati ya kufunga kamba za kiatu. "Tangu jioni?" akauliza. "Mama alisema amechoka tu." Alichukua chupa mbili za dawa akazitia kifuani, ndani ya ovaroli, zipate joto la mwili njiani. Jambo hilo pia limo kwenye hadithi, na ni la kweli.

Mama Gathoni alikuwa mjane mwenye shamba la upana wa kiwanja cha nyumba, na Karembo ndiye aliyekuwa kazi yake na mshahara wake. Tulimkuta ng'ombe amekunja shingo, kichwa kimeegemea ubavu kama mtu anayesinzia kanisani, pua imekauka, macho hayafuati kitu. Watu huiita homa ya maziwa, lakini hakuna homa yoyote, mwili hupoa. Maziwa yanapoanza kushuka kwa nguvu huivuta chokaa yote, ile kalsiamu iliyomo kwenye damu, na mnyama hubaki bila nguvu hata ya kupigisha moyo wake. Dawa ni kumrudishia chokaa ile kwenye mshipa wa shingo, polepole, kwa sababu ikiingia haraka huusimamisha moyo. Mwanaisha alipata mshipa, akaunganisha mrija, akaninyooshea chupa bila kugeuka. "Shika hapa. Usawa wa bega lako. Usipandishe." Akaweka sikio lake kwenye mbavu za Karembo, kusikiliza moyo. Nilishika. Mvua ilipiga mabati kwa kishindo, ndama alikuwa kwenye kona juu ya magunia, na Mwanaisha, shavu kwenye ubavu, akaanza yale maswali yake. "Mama Gathoni, hili jina Karembo ulimpa wewe?" Mama Gathoni akajibu akilia. Akasema Karembo lilikuwa jina la utani la mama yake mzazi. "Alikuwa mrembo?" "Alikuwa na kiburi!" Wakacheka, nakumbuka wakicheka, mmoja amelalia ng'ombe na mwingine amempakata kichwa. Chupa ya kwanza ikaisha. Chupa ya pili ilikuwa imefika katikati Mwanaisha aliponyamaza, akainua mkono kwamba nami ninyamaze ingawa sikuwa nimesema kitu. Akasikiliza sana. Kisha akaichomoa sindano mwenyewe, akaifuta, akasema, "Tumechelewa, mama. Nisamehe."

Mama Gathoni alikishusha kichwa cha Karembo kutoka mapajani. Baada ya muda aliinuka, akaingia jikoni, akatupikia chai, kwa maana daktari haondoki Kinoo bila chai, ng'ombe apone asipone. Ilikuwa strungi, chai isiyo na maziwa. Katika nyumba ile ya maziwa tulikunywa strungi tukiwa tumesimama chini ya paa, na mimi niliona kwamba hiyo ndiyo picha, kikombe cheusi mkononi mwa mjane, na nikaona pia saa yangu. Nilikuwa na habari kamili. Niliaga, nikapanda barabarani, nikawahi ofisini. Mwanaisha akabaki.

Niliandika siku hiyohiyo, na niliandika vizuri. Nimeisoma tena juzi na sibadilishi neno. Bwana Odera aliisoma amesimama. "Nekesa, ng'ombe amekufa, sawa. Halafu?" Nikamwambia hakuna halafu, huo ndio uchungu wake. Akaikata ikabaki aya moja, akaiweka chini ya bei za viazi. Wiki mbili tatu baadaye Mwanaisha alinipa karatasi zilizokunjwa, mwandiko wake wa kidaktari, akaniuliza kama naweza kuzipitisha kwa mhariri nikiwa na nafasi. Nilizisoma garini. Nilipofika kwenye msumari nilizikunja tena. Ningeweza kuzipoteza, hakuna ambaye angejua, lakini nilitaka zaidi ya hapo: nilitaka zikataliwe mbele ya macho yangu. Nilimpelekea Bwana Odera mwenyewe, nikavuta kiti. Alisoma ameinamia meza. Katikati akaita, "Hebu njooni hapa," na chumba cha habari kikaja, na akaanza upya kwa sauti, mtu yule ambaye sikuwahi kumsikia akisoma kitu kwa sauti isipokuwa makosa yetu. Alipomaliza akazipanga karatasi upya. Kisha akaniuliza, "Huyu ni nani?" Nikasema, "Daktari wa ng'ombe." Akasema, "Mwambie alete nyingine." Miaka yote niliyomfanyia kazi, hakuwahi kuniambia mimi nilete nyingine.

Ilipotoka gazetini, Kinoo ilinunua nakala zote mpaka mimi, mfanyakazi wa gazeti, nikakosa. Jioni hiyo nilimkuta Mwanaisha mlangoni akikwangua gambuti kwa kijiti. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu mjini. "Umedanganya, Mwana. Karembo alikufa." Hakuinua macho. "Mimi sikuandika habari, Nekesa. Habari ni kazi yako." "Mama Gathoni atajisikiaje akisomewa hiyo?" "Nilimsomea kabla sijakupa." Hilo sikulitarajia. Nikatafuta lingine. "Na mimi je? Mimi nilikuwapo. Umeniweka wapi?" Ndipo akaniangalia, si kwa hasira, ningependa ingekuwa hasira. "Wewe uliondoka," akasema. "Niliondoka ameshakufa!" "Haya," akasema, akageuza gambuti ya pili. Ningemuuliza alikuwa na maana gani. Kuuliza ndiyo kazi niliyosomea. Badala yake niliingia ndani nikafunga mlango wa chumba changu, na kabla ya mwaka kwisha nilikuwa nimepata chumba karibu na mjini, nikamwambia ni kwa sababu ya usafiri.

Yaliyofuata yanajulikana. Vitabu vyake viko shuleni, kwenye mabasi ya safari ndefu, kwenye vyumba vya kungojea vya hospitali za Parklands. Hakuacha kutibu. Alikuwa anakwenda kwenye hafla zake akiwa na harufu ileile, na watu wakaipenda hata hiyo. Mimi nilipanda cheo, nikahariri kurasa za wengine, nikastaafu; riwaya yangu ilitoka, ikasomwa na walioisoma. Kila alipotoa kitabu aliniletea nakala, na ndani yake aliandika maneno yaleyale: Kwa Nekesa, aliyekuwapo. Niliyachukua kuwa kejeli. Nimevipanga rafuni vikiwa vimenigeuzia mgongo kama vitabu vyote, lakini najua mahali pa kila kimoja hata gizani.

Baada ya ule mkutano nilimngoja Mama Gathoni mlangoni. "Msichana wa gazeti," akasema. "Umezeeka." Nikamwambia gari langu liko nje, ninaweza kumrudisha nyumbani. Tulipita Waiyaki, barabara ya juu ikitufunika njia nusu, naye akinionyesha maghorofa ya Kinoo na kunitajia mashamba yaliyolala chini yake. La kwake lipo bado, limebanwa na fleti pande tatu, nguo za wapangaji zikidondosha maji kwenye nepia. Zizi lilelile, mabati mapya. Ndani alikuwamo ng'ombe mmoja mweusi na mweupe, akicheua. Nilingoja Gathoni aende kutengeneza chai, kisha nikasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwokoa mwenzake na aibu, "Mama, mimi na wewe tunajua. Karembo alikufa."

"Alikufa," akasema, bila kushtuka hata kidogo. "Halafu akasimama." Akaniona sielewi, akanielezea kama mtu anavyomweleza mgeni wa kabila lingine, na mimi ni mgeni. Kwao mtoto hupewa jina la bibi yake, na bibi anarudi. Siku ile, baada ya chai, Mwanaisha hakuondoka. Ndama alikuwa dhaifu, amelala kwenye magunia, hataki kunyonya kidole. Walikamua maziwa ya kwanza kutoka kwa mama yake aliyekufa, yangali na joto, wakamnywesha kidogo kidogo kwa chupa, wakamsugua kwa nyasi mpaka alasiri. Mvua ilipokatika, Mama Gathoni akamwita ndama kwa mara ya kwanza kwa jina lililoachwa tupu na mama yake: Karembo. "Akainua sikio moja," akasema, na mkono wake wa kizee ukapanda kandoni mwa kilemba. "Hivi. Kisha akasimama. Daktari akalia, mimi nikamcheka." Akaelekeza kidevu kwa yule ng'ombe aliyekuwa akicheua. "Huyu pia ni Karembo. Sijui ni wa ngapi. Kwani wewe hukuona?"

Sikuona. Nilikuwa ofisini, naandika vizuri. Nilisimama pale nikamwonea Mwanaisha wivu upya, wivu mbichi kabisa, kwa kuwa nilidhani alinishinda kwa kutunga, kumbe alinishinda kwa kubaki. Nikataka angalau kitu kimoja kiwe changu. Nikageukia nguzo ile, ni ileile, ya mti mgumu, imepakwa rangi mara nyingi. Palikuwa na msumari. Mkubwa, wa kuezekea, umeota kutu na rangi imepita juu ya kichwa chake. "Huu mliupigilia lini?" nikauliza. "Kwa ajili ya wageni?" Mama Gathoni akasogea, akauangalia kama mtu anayeangalia kitu cha kila siku. "Huo? Huo uliwekwa na mzee wangu, kabla hajafariki." "Basi kwa nini mimi nilishika chupa?" "Wewe?" Akacheka, akanishika kiwiko. "Wewe ulikuwa pale mlangoni unaandika. Hukuacha kuandika."

Gathoni alituita tukanywe chai. Mama Gathoni akatangulia na mkongojo wake. Mimi nikabaki kidogo zizini. Nikainua mkono wa kulia kama nilivyouinua asubuhi ile, na bega likauma mahali palepale ambapo limeniuma kwa miaka mingi. Kisha nikaugusa msumari. Ulikuwa usawa wa bega langu. Juu ulikuwa na rangi na kutu, lakini shingoni, pale ambapo kamba ya chupa ingekaa, chuma kilikuwa kimesuguliwa mpaka kikang'aa.